Wafungieni kompyuta mpya au warudishieni hela zao: magari ya HW3 yanazeeka na deni la Tesla halijalipwa

Wakuu,

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "ninunue gari gani la umeme". Sitafuti ushauri wa kununua. Nimekasirika kwa niaba ya watu walioilipa Tesla ili magari yao yajiendeshe yenyewe, kisha kompyuta za magari hayo (HW3, yaani kizazi cha tatu) zikaachwa nyuma, na nataka jambo hili likae mahali ambapo mtu anaweza kulisoma lote kwa pamoja.

Mimi ni fundi umeme wa magari huku Texas, kwenye karakana ya mtaani isiyo ya kampuni yoyote ya magari. Wateja wetu wengi ni madereva wa Uber na Lyft. Wapo Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania, na wengi wao wamenunua Tesla Model 3 za mtumba za 2018 hadi 2020 kwa sababu umeme wa kuchaji nyumbani unawagharimu kidogo kuliko petroli. Swali wanaloniuliza ni hilohilo: "Fundi, hii kompyuta yangu imeachwa nyuma, huwezi kunifungia ile mpya?" Nawajibu kwamba haiwezekani. Dashibodi naijua kuifungua. Tatizo ni kwamba kifaa cha kufunga hakipo, maana Tesla yenyewe haijakitengeneza.

Kwa wasiojua historia, nianze na Oktoba 2016. Mwezi huo Tesla ilitangaza hadharani kwamba kila gari linalotoka kiwandani tangu siku hiyo lina vifaa vyote vinavyohitajika ili lijiendeshe kikamilifu, kwa usalama unaomzidi sana dereva binadamu. Kamera nane, vihisi vya mawimbi ya sauti kumi na viwili, rada ya mbele, na kompyuta ya Nvidia. Kilichokuwa kimebaki, walisema, ni programu. Elon Musk, mkuu wa Tesla, akaahidi kwamba kufikia mwisho wa 2017 gari lingetoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Safari hiyo ya kuonyesha haikufanyika.

Watu wakalipa. Kifurushi cha Full Self-Driving (gari kujiendesha kikamilifu), FSD kwa kifupi, mwanzoni kilikuwa dola 3,000 juu ya dola 5,000 za Autopilot iliyoboreshwa, yaani programu ya kumsaidia dereva. Bei ikapanda mwaka hadi mwaka, mpaka Septemba 2022 kikawa dola 15,000. Dola 15,000 kwa kitu ambacho hakijakamilika! Aprili 2024 wakakishusha hadi dola 8,000, na aliyelipa bei ya juu hakurudishiwa tofauti.

Ile kompyuta ya 2016, HW2, haikutosha. Ya 2017, HW2.5, nayo haikutosha. Aprili 2019 wakaleta HW3, kompyuta waliyoibuni wenyewe, yenye chipu mbili, na Musk akasimama mbele ya wawekezaji akarudia maneno ya 2016: magari haya sasa yana kila kitu, na mwaka unaofuata kutakuwa na teksi milioni moja zisizo na dereva.

Hapa lazima niseme ukweli kwa upande wao. Waliokuwa wamenunua FSD kwenye magari ya HW2 na HW2.5 walibadilishiwa kompyuta bure. Kwa fundi ilikuwa kazi nyepesi. Kwenye Model 3 kompyuta inakaa nyuma ya kabati dogo la dashibodi upande wa abiria, inapozwa kwa maji, na HW3 ilitengenezwa makusudi iingie kwenye nafasi ileile na kupokea nyaya zilezile za kamera. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, unarudisha maji ya kupozea, unapakia programu. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia kwamba kubadilisha kompyuta ya gari la zamani ni ndoto. Walishafanya. Walijua kwamba ahadi ya vifaa inalipwa kwa vifaa.

Hata hapo lakini walijaribu kukwepa. Julai 2021 walipoanza kuuza FSD kwa malipo ya mwezi, mwenye HW2.5 aliambiwa atoe dola 1,500 kwanza ili afungiwe HW3. Huyu ni mtu aliyeuziwa gari kwa tangazo lililosema vifaa vyote vimo. Watu wakapiga kelele, bei ikashuka hadi dola 1,000. Kwa nini alipe hata dola moja? Alishalipia vifaa hivyo siku aliyonunua gari.

Sasa tufike kwenye HW4, kompyuta ya kizazi cha nne. Ilianza kuonekana kwenye magari mapya mwanzoni mwa 2023. Safari hii umbo la kompyuta limebadilika, mahitaji yake ya umeme ni tofauti, plagi za kamera ni tofauti, na kamera zenyewe zimetoka megapikseli 1.2 hadi 5. Kwenye kioo cha mbele HW3 ina kamera tatu, HW4 inatumia mbili. Huwezi kuchomoa moja na kuchomeka nyingine. Ungehitaji kompyuta mpya, kamera mpya kuzunguka gari zima, na nyaya mpya, na gharama hiyo ingekuwa kubwa sana. Kinachowezekana ni mtengenezaji kubuni kompyuta nyingine kabisa: yenye nguvu za kizazi kipya, umbo la HW3, na uwezo wa kusoma kamera za zamani. Kazi hiyo hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuifanya, kwa sababu programu imefungwa na kila kompyuta inatambuliwa na mitambo ya kampuni. Ni wao peke yao.

Na walijua. Januari 2023 Musk aliwaambia wawekezaji kwamba kuipeleka HW4 kwenye magari ya HW3 hakulipi kiuchumi, ila wasiwe na hofu, HW3 bado itamzidi dereva wa kawaida kwa usalama. Wakaendelea kuuza. Mwisho wa 2024 toleo la 13 la programu likatoka kwa magari ya HW4 tu. Wenye HW3 wakapewa toleo la 12 lililopunguzwa ili litoshe kwenye kompyuta ndogo. Januari 2025 ndipo Musk akakiri mbele ya wawekezaji kwamba walionunua FSD kwenye HW3 itabidi wabadilishiwe kompyuta. Akasema itakuwa kazi ngumu na ya maumivu, lakini itafanyika. Akaongeza kwamba anafurahi kiasi kwamba si watu wengi walionunua kile kifurushi.

Lisomeni tena hilo la mwisho. Muuzaji anafurahi kwamba wateja waliomwamini ni wachache, kwa kuwa deni litakuwa dogo. Mimi nikisema hivyo kwa mteja wangu, kesho sina karakana.

Hadi mwisho wa 2025 hakuna tarehe iliyokuwa imetolewa ya kufunga kompyuta. Juni 2025 teksi zao zilianza kubeba abiria Austin, zikiwa Model Y mpya zenye HW4, tena na msimamizi wa usalama ameketi kiti cha abiria. Oktoba 2025 wenye HW3 wakaahidiwa toleo jepesi la programu ya 14 kwa mwaka 2026. Yaani programu iliyopunguzwa, wakati mkuu wao mwenyewe alishakiri kwamba kompyuta haitoshi.

Kinachoniumiza hasa ni muda. Gari linazeeka. Model 3 ya 2019 inayofanya kazi ya Uber inakula maili kila siku, betri inapungua nguvu, mwenye gari anafika mahali analiuza au linagongwa na bima inalifuta. Siku hiyo FSD yake inakwenda na gari. Kuihamishia gari lingine walikuwa wakiruhusu kwa vipindi walivyopanga wao, na sharti lilikuwa ununue gari jipya kutoka kwao. Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila kufunga kompyuta, deni lao linapungua bila wao kutoa hata senti. Hawahitaji kukataa kulipa. Wanahitaji kusubiri tu. Kwangu mimi huo ni udhalimu, hata kama kwenye makaratasi unaitwa ratiba.

Najua watakuja watetezi. Watasema FSD hata kwenye HW3 inaendesha vizuri mjini, inakata kona, inasimama kwenye taa. Ni kweli, nimeiendesha, na ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini jina lake lenyewe, tangu 2024, limeongezewa neno la kwamba inasimamiwa. Macho barabarani, wewe ndiye dereva, ajali ikitokea ni yako. Aliyelipa dola 10,000 mwaka 2020 hakununua msaidizi wa kumsimamia. Tangazo lilimwambia gari lake litamfanyia kazi akiwa amelala.

Watasema pia kwamba teknolojia hubadilika, hata simu ya 2019 haipati kila kitu kipya. Simu yako haikuuzwa kwa ahadi ya kufanya jambo fulani siku fulani ijayo, ikakutoza maelfu ya dola kabla. Nani alimlazimisha muuzaji kusema "vifaa vyote vimo"? Angesema "tutajaribu", nisingeandika uzi huu.

Watasema nendeni mahakamani. Watu wameenda. Agosti 2025 jaji wa shirikisho California, Rita Lin, aliruhusu kesi ya pamoja ya wanunuzi wa jimbo hilo kuhusu matangazo haya iendelee. Lakini mikataba ya kununua gari ilikuwa na kifungu cha usuluhishi kinachomzuia mteja kushtaki pamoja na wenzake, isipokuwa aliyeandika kukikataa mapema baada ya kununua. Ni dereva gani wa Uber, Kiingereza ni lugha yake ya nne, aliyesoma kifungu hicho akaandika barua ndani ya muda?

Halafu kuna ninyi mnaonunua mtumba, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna dada wa Bukavu aliniletea Model 3 ya 2019. Aliyemuuzia, muuzaji wa yadi, alimwambia gari lina FSD na kwamba kompyuta mpya itafungwa bure karibuni, kwa hiyo akamwongezea bei. Tulipofungua skrini gari lilikuwa na Autopilot ya kawaida tu. Ahadi ya Januari 2025 iliwahusu walionunua FSD. Yeye hata kama kampuni ingeanza kufunga kesho, hayumo kwenye orodha. Ameongezewa bei kwa ahadi ya mtu mwingine kwa mtu mwingine.

Kabla hujatoa hela, ingia kwenye skrini ya gari, sehemu ya mipangilio, kwenye ukurasa wa programu, ufungue maelezo ya ziada ya gari. Hapo pameandikwa aina ya kompyuta, na kwenye ukurasa huohuo pameandikwa kama FSD imenunuliwa au ni ya malipo ya mwezi. Ya malipo ya mwezi inazimika muuzaji akiacha kulipa. Usikubali picha ya simu. Kaa ndani ya gari usome mwenyewe.

Na ndugu wa Nairobi, Dar na Kampala mnaoniandikia kuhusu kusafirishiwa haya magari ya zamani: FSD haijafunguliwa huko kwenu, na Tesla haina karakana rasmi Afrika Mashariki. Hata hiyo kompyuta ikija kupatikana, hakuna wa kukufungia. Msilipie chochote chenye jina hilo.

Ninachodai ni kifupi. Watoe tarehe ya kompyuta ya HW3, iandikwe, na iwahusu waliolipa FSD hata kama gari limeshabadilisha mmiliki. Asiyetaka kusubiri arudishiwe kiasi alicholipa, kile cha kwenye risiti yake, siyo bei ya leo. Na aliyekwisha kuuza gari au kulipoteza kwenye ajali akiwa anasubiri ahadi hiyo naye alipwe.

Waliolipa, wekeni hapa chini mwaka wa gari, kiasi mlicholipa na mlichojibiwa mlipouliza. Ficheni majina na namba za gari. Nitavikusanya vyote kwenye posti moja ili wenye mawakili wapate pa kuanzia.