Naomba ushauri: kujenga upya ofisi za serikali huku huduma zikiendelea

Ndugu wataalamu wa ujenzi na mipango miji, habari zenu. Nimo kwenye timu inayoandaa mpango kabambe wa kuliendeleza upya eneo kubwa la ofisi za serikali. Majengo ni ya miaka ya 1960, na wananchi wanahudumiwa humo kila siku, kwa hiyo hatuwezi kufunga kote tukabomoa.

Tumependekeza jengo la kwanza lisimame kwenye maegesho, idara zihamie humo, ndipo zilikotoka pabomolewe. Lakini mabomba makuu ya maji na nyaya za umeme vinapita chini ya maegesho hayohayo, na michoro ya zamani hailingani na tulichokuta kwenye mashimo ya majaribio. Isitoshe, mapaa kadhaa ni ya asbesto. Vumbi lake husababisha saratani. Sitaki kabisa yavunjwe wakati watu wako kazini jengo la jirani.

Naomba kuuliza: miundombinu ya chini ihamishwe yote kwanza, au kila awamu na yake? Na asbesto iondolewe mapema kwa mkataba wa peke yake, au aachiwe mkandarasi wa ubomoaji? Aliyewahi kusimamia kazi ya namna hii anieleze hasa palipomkwamisha.

Natanguliza shukrani.