Kocha amebeba mbuzi, mwanangu kaambiwa akachume zabibu!!!

Baba Namba Nane:
Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka uwanjani sasa hivi, vumbi bado limejaa puani, na nikisubiri nipoe sitaandika.

Ni yule yule. Simtaji, Dodoma nzima mnamjua: kofia haivui hata usiku, kipyenga anakipuliza hadi akiagiza chai.

Bonanza la watoto chini ya miaka 12, zawadi mbuzi. Dogo wangu ana miaka kumi. Kapokea mpira nyuma, kainua kichwa, kampiga mtu tobo safi, mpira katikati ya miguu, katoa pasi, ikanaswa. Basi! Hata goli haikuzaa. Jamaa kamtoa palepale, na mbele ya wazazi, watoto na mama wa barafu akatangaza: "Huyu mpelekeni Hombolo akachume zabibu!"

ZABIBU, wakuu. Mtoto kapiga tobo, jibu zabibu.

Aliyeingia badala yake ni kijeba, mtu mzima anayejifanya mtoto. Kabla ya kuingia alimpa mtu simu amshikie, "mama watoto akipiga mwambie niko kazini."

Mazoezi yake nayo ni wimbo mmoja: butua! Anawaambia wapige juu kwa mbali, kwa sababu kipa wa upande wa pili ana futi nne na amesimamishwa kwenye goli la watu wazima, mita 7.32 kwa 2.44. Hapo hata mimi na kitambi changu nafunga. Wenzetu umri huo wanacheza saba kwa saba, magoli madogo, mpira namba 4. Norway watoto chini ya miaka 11 hawawekewi hata msimamo wa ligi, na Haaland katoka hukohuko. Sisi tunakimbizana na mbuzi. Tena mwenyewe kakonda!

Dogo hajala mpaka saa hizi. Ananiuliza, "Baba, Hombolo ni mbali?"

Kijeba Mstaafu:
Uzi bila picha ya mbuzi ni uzushi.

Mzee wa Benchi:
Mkuu, tuseme ukweli. Juzi timu ilipopigwa saba, nani alisimama juu ya kiti cha plastiki akidai kocha aondoke? Leo kashinda, unatuletea Norway.

Baba Namba Nane:
Wewe ndiye yeye, mwandiko wako naujua. Na kile kiti kilikuwa changu. Mbele ya mama wa barafu, wakuu! Yule mama alicheka mpaka kaangusha chenji!

Kijeba Mstaafu:
Mbuzi alikuwa dume?

Mtu wa Manyoni:
Afadhali yenu. Huku kwetu kuna winga wa "chini ya miaka 13" anakuja mechini na bodaboda yake, na kipindi cha mapumziko anapakia abiria.

Takwimu Tupu:
Haya ndiyo tunayalipia. 2019 tulikuwa wenyeji wa AFCON ya U-17 pale Dar, tukafungwa mechi zote tatu. Ile ya Nigeria tulifunga manne, tukapigwa matano. Halafu FIFA tangu 2009 wanapima vijana wa Kombe la Dunia la U-17 kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, kujua kama wamezidi umri. Hapa kwetu tunakagua meno kama tuko mnadani Msalato.

Shangazi wa Kizota:
Mnalilia tobo. Mabinti zetu wa netiboli walitimuliwa uwanjani asubuhi hiyohiyo ili bonanza lenu la mbuzi lichezwe. Nguzo zao zikageuzwa za kuanikia jezi. Hakuna aliyewafungulia uzi.

Baba Namba Nane:
Shangazi, shikamoo, pole sana, lakini tusitoke kwenye mada. ZABIBU.

Mgogo wa Mpunguzi:
Ngoja kwanza. Tangu lini kuchuma zabibu ni tusi? Mimi nimesomesha watatu kwa zabibu. Huyo wako na tobo lake amekuletea nini nyumbani? Tusi lipo kwa wanunuzi: tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili mtu anakuja na bei yake mfukoni, anajua wazi zabibu ikiiva haikusubiri.

Mzee wa Benchi:
Hapo umesema, mkuu. Mimi msimu uliopita nilibaki na makreti nikawagawia majirani.

Kijeba Mstaafu:
Mpunguzi, ekari moja inataka miche mingapi? Nina kaeneo Ihumwa kamekaa tu.

Baba Namba Nane:
Jamani mwanangu.

Mgogo wa Mpunguzi:
Inategemea nafasi unazoacha. Maji unayo? Bila kisima usianze. Halafu usidanganywe na nguzo za miti za bei chee, mchwa wa Ihumwa hawana mchezo. Njoo inbox nikupe namba ya fundi wa nguzo za zege.