Tiba ya kraniosakro Nairobi: ni matibabu au ni mapumziko ya kulipia?

Fundi wa Viungo: Wanajamvi, naleta hoja. Tiba ya kraniosakro ni kuguswa kichwa, mgongo na sakramu (ule mfupa wa pembetatu juu ya kifandugu) kwa mkono mwepesi mno. Anayegusa husema anasikia mdundo wa ugiligili unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kwamba anaurekebisha. Mizizi yake ni kwa William Sutherland, mwosteopathi (mtabibu wa kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono) wa Marekani, aliyeamini mifupa ya fuvu la mtu mzima inacheza. Miaka ya 1970 John Upledger akaieneza hata kwa wasio madaktari. Msimamo wangu: mwenye kliniki Kilimani au Karen auze mapumziko, sina neno. Lakini akiandika kwenye kibao kwamba anatibu kipandauso, kifafa na usonji, kibao kishushwe.

Mkono Mwepesi: Fundi, kabla hujashusha kibao, watu wajue kinachofanyika pale kitandani, maana wengi wanadhani shingo inavunjwavunjwa. Hapana. Kwanza ni maswali: ajali, upasuaji, shinikizo la damu, dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha unavua viatu, mkanda, miwani na hereni, nguo zinabaki. Nywele ni suala ambalo vitabu vya wazungu havisemi: ukija umefunga rasta au braidi fundo kubwa kisogoni, kichwa hakitatulia, na fundo litakuumiza kwa dakika arobaini. Zifungue, zilale kando. Kitambaa au buibui si tatizo.

Unalala chali, mto chini ya magoti. Wengi wetu tunaotoa tiba hii huanzia miguuni, halafu kiganja kimoja chini ya sakramu, kisha kiwambo cha tumbo, kifua, mwisho kichwa. Shikio ambalo watu hulikumbuka ni la kisogo: ncha za vidole zinasimama chini ya ukingo wa mfupa, pale misuli ya shingo inapojishikiza, na uzito wa kichwa chenyewe ndio unaofanya kazi. Dakika tatu hadi tano misuli inalegea, kichwa kinashuka viganjani. Kwingineko mguso ni wa gramu 5 hivi, yaani kijiko cha chai cha sukari. Anayesukuma zaidi ya hapo hafanyi kraniosakro.

Tarajia usingizi, tumbo kunguruma, mara nyingine machozi yasiyo na sababu. Wengine hawasikii chochote. Ukimaliza, kaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, maana kizunguzungu kipo; usirukie bodaboda papo hapo. Vipindi vitatu vikipita bila mabadiliko, acha, pesa yako ina kazi nyingine.

Mwalimu wa Anatomia: Maelezo safi, Mkono Mwepesi, ila umeruka shimo lenyewe. Ugiligili wa ubongo ni kama mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku. Picha za MRI zinaonyesha unasukumwa na mapigo ya moyo na pumzi. Huo mdundo wa tatu mnaodai kuusikia, mara 6 hadi 12 kwa dakika, hauonekani. Na maungio ya fuvu yana meno yanayoumana kama zipu. Kijiko cha sukari kinasogeza ngozi, mfupa hausikii habari. Walipopimwa watabibu wawili juu ya mgonjwa mmoja, kila mmoja alitoa hesabu yake. Kama mdundo ungekuwa wa mgonjwa, wangekubaliana.

Mkono Mwepesi: Mwalimu, nadharia ina matobo, sibishi. Lakini Ujerumani mwaka 2016 ilitoka tafiti ya watu 54 wenye maumivu sugu ya shingo, kipindi kimoja kwa wiki, wiki nane. Nusu waliguswa kiigizo. Waliopata kraniosakro walipungukiwa na maumivu zaidi. Tuseme nini hapo?

Fundi wa Viungo: Tuseme ni watu 54, na kwamba mwenye kugusa alijua anatoa ipi ya kweli na ipi ya kuigiza. Hapo mkono, sauti, hata uvumilivu hubadilika. Na ni shingo, dada yangu! Usonji umeingiaje?

Nesi wa Watoto: Mnabishana juu ya watu wazima, ninyi. Kinachonitisha ni vichanga. Mama ana mtoto wa wiki sita analia jioni nzima, anaambiwa fuvu lilibanwa wakati wa kuzaliwa. Kilio cha namna hiyo hufika kilele karibu na wiki ya sita na hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne, uguse kichwa usiguse. Kwa hiyo yeyote aliyelipwa wiki ya saba atasifiwa.

Utosi nao haubonyezwi wala hauinuliwi. Uliodidimia pamoja na kuhara ni upungufu wa maji: maziwa, ORS, kituo cha afya. Uliovimba wakati mtoto ametulia na ameinuliwa wima, tena ana homa, ni hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda ni homa ya uti wa mgongo. Uholanzi kuna mtoto wa miezi mitatu aliyefariki baada ya kukunjwa shingo na mgongo kwa nguvu na mtu aliyejiita mtabibu wa kraniosakro.

Mkono Mwepesi: Nesi, kukunja kwa nguvu si kraniosakro.

Nesi wa Watoto: Najua. Mama atajuaje mlangoni?

Fundi wa Viungo: Ndipo leseni inapoingia. Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) ana baraza lake tangu sheria ya 2014. Uliza namba ya usajili, itaje kwa baraza. Sheria ya Afya ya 2017 inataja tiba mbadala, lakini cheti cha kozi si leseni, na kozi ya kwanza ya mkondo wa Upledger ni siku nne tu.

Msomaji wa Umoja: Samahani kuingilia. Mtu aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, anaweza kwenda?

Mkono Mwepesi: Asiende bila ruhusa ya daktari aliyemwekea mrija. Nami namkatalia kabisa aliyevuja damu ubongoni karibuni, aliyepasuka fuvu, mwenye uvimbe wa mshipa kichwani, na anayevuja ugiligili baada ya sindano ya mgongo. Akija na maumivu ya kichwa yaliyomlipuka ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata, simlazi kitandani. Namwitia gari la hospitali.

Mwalimu wa Anatomia: Hilo la mwisho liandikeni kwenye kibao.