MREJESHO: Sheli iliyokuwa ikijengwa kando ya kisima chetu, Mombasa

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza hapa tufanyeje kuzuia sheli iliyokuwa ikichimbiwa matangi hatua chache tu kutoka kisima anachoteka maji mtaa mzima.

Barua kwa mwakilishi wa wadi haikuzaa kitu. Tuliambiwa tusubiri, huku saruji ikimwagwa. Kilichosaidia ni ushauri wa yule aliyetutajia kesi ya Lamu, ambako jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tukaomba NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nakala ya ripoti ya athari za mazingira ya hiyo sheli. Lo! Fomu za maoni zimejazwa kwa mwandiko mmoja, na mmoja wa "waliohojiwa" tulishamzika zamani. Tukakata rufaa kwa jopo hilohilo ndani ya siku 60, kama mlivyosisitiza.

Leseni ya sheli imefutwa. Ila matangi bado yamo ardhini, hakuna amri ya kuyafukua, na mwenye mradi anaweza kuomba upya kwa ripoti mpya. Gharama za wakili nazo tumejibebea wenyewe. Atakayepatwa na haya aanze na ile ripoti, asingoje mwanasiasa.