Roma kwa siku moja na mwongoza watalii wa binafsi: ratiba hii inawezekana?

Chausiku

Wakuu, habari za majukumu. Naomba wanaoijua Roma waniangalizie hii ratiba kabla sijatuma hela.

Tutakuwa wanne: watu wazima wawili, mama yangu wa miaka 70 ambaye magoti yanamsumbua, na mtoto wa miaka 9. Siku ni moja tu, Jumatano katikati ya Oktoba. Tumepewa gari na dereva "atakayetuongoza" kwa saa 8, mpango ukiwa hivi:

Saa 3 asubuhi Basilika ya Mtakatifu Petro. Saa 4 Makumbusho ya Vatikani na Kikanisa cha Sistina. Saa 6 Ngazi za Kihispania na Chemchemi ya Trevi. Saa 7 chakula. Saa 8 Pantheon (hekalu la kale) na uwanja wa Piazza Navona. Saa 9 Colosseum (uwanja wa kale wa mapigano), Forum (magofu ya katikati ya mji wa kale) na kilima cha Palatino. Saa 11 hotelini.

Bei ni ya kundi zima, na wanataka nusu kabla. Je, haya yote yanaingia ndani ya siku moja? Na kuna cha kuuliza kabla ya kulipa?

---

Mkwaju

Dada Chausiku, usilipe bado. Kasoro iko kwenye mstari wa kwanza kabisa. Baba Mtakatifu akiwa Roma, Jumatano asubuhi hukutana na mahujaji, na mkutano huo kwa kawaida hufanyika hapo hapo kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro. Uwanja hujaa viti na vizuizi, na basilika haifunguliwi kwa watalii mpaka shughuli iishe, kuelekea mchana. Aliyewapangia saa 3 asubuhi ya Jumatano hakuitazama tarehe yenu. Ana ratiba moja anayomgawia kila mteja.

La pili ni huyo dereva "atakayewaongoza". Italia, kuongoza watalii ni kazi ya leseni, na mwenye leseni huwa na kitambulisho chake, wanakiita tesserino. Dereva asiye nayo anaweza kuwaonyesha majengo kupitia dirishani, lakini hawezi kuingia nanyi Colosseum au makumbusho na kuanza kuwafafanulia. Atawashusha getini na kuwasubiri garini. Maana yake, sehemu mlizozifuata ndizo mtakazozipita bila maelezo.

Kwa hiyo waulizeni kwa maandishi: mwongozaji mwenye leseni yumo? Kwa saa ngapi, na katika sehemu zipi hasa? Mara nyingi unakuta gari limelipiwa saa 8 huku mwongozaji akiwa wa saa 3 tu, na jambo hilo limefichwa mwisho wa barua pepe. Tiketi zimo kwenye bei au kila mtu anajilipia? Na mkiahirisha, kinarudi kiasi gani, maana tiketi za Colosseum zikishanunuliwa hazirudishwi kirahisi.

Tiketi zenyewe zina mambo yake. Za Colosseum hufunguliwa mauzoni siku 30 kabla, kwenye tovuti ya Parco archeologico del Colosseo. Ya kawaida ni euro 18, na inahusisha Forum na Palatino ndani ya saa 24. Inaandikwa jina, na mlangoni wanalilinganisha na pasipoti. Wapeni majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la tatu likiachwa au likigeuzwa mpangilio, mtabishana na mlinzi huku muda wenu ukiyoyoma. Mtoto wa miaka 9 huingia bure Colosseum, lakini lazima awe na tiketi yake ya bure yenye jina. Watu wengi hukwama hapo: wakubwa wana tiketi, mtoto hana, na za muda huo zimeshakwisha. Vatikani ni tofauti, kule wa umri wake hulipa bei iliyopunguzwa.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa kuingia Colosseum tu. Forum na Palatino mnaweza kuingia kabla au baada, ila mara moja tu.

---

Bi Rehema

Mkwaju kasema kweli. Naongeza mpangilio, kwa sababu ratiba hiyo ina ugonjwa mwingine: imewapa Vatikani chini ya saa mbili, tena na kutembea ndani yake. Mlango wa Makumbusho hauko uwanjani kwa Mtakatifu Petro. Uko upande wa kaskazini, mtaa wa Viale Vaticano, na kutoka uwanjani ni mwendo wa robo saa kufuata ukuta. Mkishaingia, kutoka mlangoni hadi Sistina mnapita kumbi ndefu zilizofuatana, na hata mkiwa na haraka, saa mbili ni za chini kabisa. Mwongozaji mzuri ataomba saa mbili na nusu au tatu.

Siku yenye sehemu mbili za tiketi ya saa maalumu inapangwa kwa kuzifunga hizo mbili kwanza, moja asubuhi na nyingine mchana, halafu zile za wazi zinajazwa katikati. Jumatano inawapa jibu lenyewe: Colosseum asubuhi, Vatikani mchana.

Chukueni Colosseum ya mapema, saa 2:30 au saa 3 asubuhi. Fikeni nusu saa kabla, kwa sababu maneno "bila foleni" yanahusu foleni ya tiketi tu. Ukaguzi wa mabegi kama wa uwanja wa ndege hauna mkato. Mabegi makubwa na chupa za kioo haviruhusiwi, na hakuna mahali pa kuvihifadhi. Saa moja na robo ndani inatosha. Mwambieni mwongozaji awaanzishie kwenye zile njia za chini ya sakafu zinazoonekana kutoka juu, walikofichwa wanyama na watu kabla ya kuinuliwa uwanjani. Mtoto akishaelewa hilo, yaliyobaki atayauliza mwenyewe. Jengo lilifunguliwa mwaka 80 chini ya mfalme Titus, lakini sehemu kubwa ya njia hizo ilijengwa baada yake, na hilo ni swali zuri la kumpima mwongozaji wenu.

Palatino ifuteni. Ni kupanda na kushuka tu, na kwa magoti ya mama haina maana. Forum pia isiingieni. Ardhi yake ni mawe makubwa ya zamani yaliyoachana, kivuli ni haba. Mnaweza kuiona vizuri, bure, kutoka kilima cha Campidoglio, kwenye kibaraza kilicho ubavuni na nyuma ya jengo la manispaa. Mwongozaji akisimama pale dakika ishirini anaweza kuwaonyesha hekalu la Saturnus, tao la Septimius Severus na barabara ya Via Sacra yote kwa kidole.

Saa 5 hivi nendeni Pantheon. Kiingilio kwa mtalii kilianza kutozwa Julai 2023, wakati huo euro 5, na walio chini ya miaka 18 ni bure. Nusu saa inatosha, lakini itumieni: simameni katikati, muangalie tundu la juu. Lina upana wa karibu mita 9 na halina kioo, kwa hiyo mvua inaingia ndani, kisha tazameni sakafuni muone vitundu vya kupitishia maji. Kuba lile lina upana wa mita 43 na ushei, zege tupu bila nondo, na limesimama tangu enzi za mfalme Hadrian.

Piazza Navona ni dakika tano kwa miguu. Pale kati kuna chemchemi ya mchongaji Bernini ya mwaka 1651 yenye sanamu za mito minne. Mtafuteni Nile: ndiye aliyefunikwa uso kwa kitambaa, kwa sababu wakati huo Ulaya haikujua chanzo chake. Mtoto anayelijua Ziwa Viktoria ataipenda kuliko kanisa lolote.

Kuleni hapo karibu, mapema, saa 6 mchana. Kisha Makumbusho ya Vatikani kwa tiketi ya saa 8 mchana. Yanafungwa saa 2 usiku siku za kazi, kwa hiyo hamkimbizwi. Mkimaliza, rudini uwanjani, mpite ukaguzi wa basilika, ambayo kiingilio chake ni bure. Muwe kwenye foleni kabla ya saa 11 jioni.

Trevi iacheni usiku. Taa zinawashwa, haina saa ya kufungwa kuitazama, na haihitaji mwongozaji wa kulipwa kwa saa. Ngazi za Kihispania ni hiari. Nazo kumbukeni hazikaliwi: tangu 2019 kukaa ni faini, na askari wanapuliza filimbi siku nzima.

---

Chausiku

Asanteni sana, Mkwaju na Bi Rehema. Nimewaandikia, wamekiri kwamba dereva hana leseni ya kuongoza, na sasa wanapendekeza mwongozaji wa saa 6 bila gari, "kwa sababu katikati ya mji magari hayaingii". Ni kweli? Mama hawezi kutembea siku nzima.

---

Fundi Saa

Shikamoo kwa mama. Hapo wanachanganya mambo mawili. Katikati ya Roma kuna eneo lenye kamera, linaitwa ZTL, na gari la kawaida au la kukodi lisilo na kibali likiingia saa za zuio, faini inamfuata mwenye gari mpaka kwao. Lakini teksi, na magari ya kukodi yenye dereva wa leseni, yaani NCC, yanaingia kwa kibali. Kwa hiyo gari linawezekana. Lisilowezekana ni kusimama popote unapotaka. Kwa Trevi, Navona na Pantheon linashusha mtaa wa jirani na kuondoka, mnatembea dakika chache, halafu mnalipigia simu.

Kwa familia yenu si lazima mlipie gari saa 8. Sehemu ndefu ni mbili tu: Campidoglio hadi Pantheon, na Navona hadi Viale Vaticano. Teksi nyeupe rasmi zenye mita zinatosha. Mwambieni mwongozaji aziagize. Teksi hazisimamishwi ovyo barabarani kule, zinapatikana kwenye vituo vyake au kwa simu. Basi namba 64 na treni ya mstari A kuelekea kituo cha Ottaviano zinafika Vatikani kwa bei rahisi, ila ndizo wachomoaji wanazozipenda. Pasipoti nne zisikae kwenye mfuko wa nyuma.

Kuhusu mama: Colosseum ina lifti, na wenye shida ya kutembea wana utaratibu wao mlangoni, kwa hiyo mwongozaji aseme mapema, si mkishafika kwenye ngazi. Makumbusho ya Vatikani huazima viti vya magurudumu, waandikieni kabla. Hapa natofautiana kidogo na Bi Rehema: kwa magoti mabovu, mchana ni wakati mbaya wa Vatikani, kwa sababu ndipo miguu imeshachoka. Ila kwa Jumatano sioni njia nyingine, na kiti kitasaidia zaidi ya kugeuza ratiba. Kuba la basilika msiliguse. Lina ngazi 551, na hata ukipanda lifti zinabaki 320.

Njia za mji ni vijiwe vyeusi vya mraba vilivyopangwa kwa mkono, sampietrini. Vikilowa vinateleza, na nafasi kati yake inanasa kisigino. Viatu vya soli nene, fimbo yenye mpira mpana chini.

Mabega na magoti yafunikwe kwa ajili ya basilika na Sistina, mwanamume na mwanamke. Mtandio mmoja kwenye begi unamaliza tatizo.

---

Bi Rehema

Nakubali kuhusu kiti. Basi mwambieni mwongozaji ahesabu njia ya lifti tangu mwanzo, kwa sababu anayetumia kiti hupitishwa njia yake na si ngazi zile zile za kundi.

Jambo moja la Sistina ambalo waongozaji wavivu hulitumia vibaya: ndani hakuna kupiga picha, na mwongozaji haruhusiwi kufafanua, ni ukimya. Mzuri huwasimamisha kwanza kwenye ua wa Pigna, wenye sanamu kubwa ya shaba ya koni ya msonobari, na kuwaeleza picha zote kwa mabango yaliyopo pale. Mkiingia mnajua pa kutazama: dari la Michelangelo la 1508 hadi 1512, na Hukumu ya Mwisho ukutani, ambamo Mtakatifu Bartolomayo ameshika ngozi yake mwenyewe iliyochunwa, na uso ulio kwenye ngozi hiyo unasadikiwa kuwa wa mchoraji. Wenu akikwambieni "nitawaeleza tukiingia", hajui kazi.

Na msiahidiwe mlango wa pembeni kutoka Sistina moja kwa moja hadi basilika. Hufungwa bila taarifa. Pangeni kama haupo.

---

Mkwaju

Dada Chausiku, kwa sasa jibu lao la saa 6 ni zuri kuliko la kwanza. Muda huo ugawanywe, saa tatu za asubuhi na saa tatu nyingine za mchana, na chakula kisihesabiwe kwenye saa za mwongozaji. Awaandikie mahali kamili pa kukutana, si "Colosseum" tu, maana pale watu ni maelfu. Mtaje geti au mlango wa kituo cha treni.

Kuhusu maji, msinunue. Mabomba ya chuma ya mitaani, nasoni, yanatiririka siku nzima na ni ya kunywa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatapanda kwenye kitundu kidogo cha juu, mtoto anywe bila kuinama.

---

Fundi Saa

Naongeza la mwisho kwa mnaopita na teksi karibu na Circo Massimo, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi. Jengo kubwa jeupe la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilijengwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika, na mbele yake palisimama mnara wa Aksum ulioletwa kutoka Ethiopia mwaka 1937. Ulirudishwa kwao 2005. Mwombeni dereva apunguze mwendo, mtoto aonyeshwe mahali ulipokuwa.