Mrejesho: Paka wangu mwenye mafua ameanza kula

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu paka wangu aliyeziba pua, macho yamejaa tongotongo na chakula hagusi. Anaendelea vizuri, na nawashukuru mno mliosisitiza nimuwahishe kwa daktari wa mifugo. Ni maambukizi ya njia ya hewa. Daktari alihofia zaidi huko kutokula: paka akipitisha siku 2 au 3 bila kula, hasa aliye mnene, mafuta hurundikana kwenye ini na linaweza kushindwa kufanya kazi.

Nyumbani nimepambana zaidi na pua, maana paka asiponusa hali, hata umwekee anachokipenda. Nalowesha pamba maji ya uvuguvugu, naiegesha kwenye ukoko wa puani hadi ulainike, ndipo naufuta taratibu. Kisha nakaa naye bafuni kwenye mvuke kama dakika 10, na chakula laini nakipasha kidogo ili harufu ipande. Mwanzo alilamba mchuzi tu. Jana kamaliza sahani, nilifurahi mno!

Kidonge chake ni doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Kikikwama njiani kinaunguza umio, kwa hiyo namfuatishia maji kidogo kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe.

Na aliyeshauri parasetamo, tafadhali sana, usimpe paka hata kipande. Inaharibu damu na ini lake, inaua.

Chafya bado zipo, na mwenzake nimemtenga chumba kingine mpaka daktari aruhusu.