Altezza, Mark II GX110 au Forester SG5: ipi ya kununua na kuirekebisha hapa Mwanza?

Jabali_Igogo:
Wakuu habari za asubuhi. Vitz yangu nimeshaiuza, pesa iko mkononi na daladala zimenichosha. Safari hii nataka gari ya kufurahia, siyo ya kunifikisha kazini tu. Nitaishusha kidogo, rimu mpya, ekzosi, na injini ikiruhusu nitaigusa. Nimeona tatu hapa mjini, zote namba D (usajili wa herufi D): Toyota Altezza ya silinda sita, Toyota Mark II GX110 na Subaru Forester SG5 ya tabo (turbo). Ipi nichukue? Madalali wananisumbua simu kutwa nzima. Natanguliza shukrani.

Fundi_Nyakato:
Mkuu, umeleta nusu ya habari. Bajeti kiasi gani, na ni ya gari peke yake au pamoja na marekebisho? Gia za mkono au otomatiki? Unaishi wapi, lami inafika getini? Safari zako za wapi? Usipojibu hayo, kila mtu atakutajia gari yake.

Boksa_Bwiru:
Basi mimi naanza na ya kwangu: Forester ya tabo. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa milimani tuko juu zaidi. Hewa nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza hapa karibu asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Yenye tabo inajisukumia hewa, kwa hiyo haipungukiwi sana. Panda Bugarika na watu wanne ndani, kiyoyozi kimewashwa, uone nani anabaki nyuma. Tena magurudumu yote manne yanavuta. Subaru walichukua Safari Rally 1997 na McRae, wakarudia 2000 na Burns.

Mama_Grande:
Kaka Boksa, iliyoshinda Safari ni Impreza ya timu ya kiwanda, siyo Forester ya mtumba. Tusimchanganye mtoto wa watu.
Jabali, Altezza hiyo ya silinda sita na GX110 zina injini ileile moja, 1G-FE ya VVT-i, cc 2,000, nguvu farasi 160. Unachochagua hapo ni bodi. Altezza yenye moto ni ile ya silinda nne, 3S-GE, gia sita za mkono, farasi 210. Kama siyo hiyo, chukua GX110: nafasi kubwa, viti vya kulala, na 1G kila fundi wa Mabatini anaijua. Plagi zimesimama juu, unazitoa mwenyewe jioni. Za Subaru zimelala ubavuni, huku bodi huku kichwa cha injini, mpaka mkono uchubuke. Yangu nimeiwekea springi fupi na rimu za 17, nyuma nikabadilisha bushi zote kabla ya kugusa urembo wowote. Inatulia barabarani mpaka raha.

Boksa_Bwiru:
Dada, plagi unabadilisha mara ngapi kwa mwaka? Hiyo siyo sababu ya kuacha Forester ya farasi 220.

Kirumba_JZ:
Jabali, umeandika "injini ikiruhusu nitaigusa". Nisikilize hapo.
Nilikuwa na Toyota Chaser GX100. Nikaagiza injini ya 1JZ-GTE ya tabo mbili kwa muuzaji mmoja wa injini za mtumba Dar. Aliapa kwamba imewashwa na kusikilizwa. Fundi wangu akaifunga kwa moyo wote, waya akaziunganisha mojamoja, kompyuta ikakubali. Kisesa hadi Magu gari ilikuwa inaimba. Tulipoipita Magu nikasikia mlio mwembamba wa filimbi, ukapanda, ukapanda, halafu kimya. Nguvu ikakata. Kwenye kioo cha nyuma sioni barabara, ni moshi wa bluu tu.
Tulifungua tabo palepale pembeni ya barabara. Shafti inacheza ukiigusa kwa kidole. Gurudumu la upande wa moshi halina hata pezi moja, kimebaki kitovu. Tabo za hizo 1JZ za mwanzo zina gurudumu la kauri, likizidiwa joto na shinikizo linapasuka. Lakini hii ilikuwa imeshakufa kabla haijapanda lori kuja Mwanza: ndani ya bomba la hewa oili imeganda, nyeusi, ya siku nyingi, na kwenye maungio wamepaka gundi mpya ya gasketi ili mnunuzi aone usafi. Nilimpigia muuzaji, akapokea mara moja, baada ya hapo simu haipatikani. Chaser ikarudi mjini inavutwa na Canter.
Haikuishia hapo. Nilipotaka kuiuza, mnunuzi akalinganisha namba ya injini na kadi, hazifanani, akaondoka. Ukibadilisha injini, kadi irekebishwe TRA mapema. Na tabo ya mtumba usilipie hata shilingi kabla hujaitikisa shafti kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi_Nyakato:
Pole sana ndugu. Hiyo gundi mpya ndiyo ishara ya kwanza tunayoitafuta.

Spana_Buzuruga:
Mimi nasema gari yoyote atakayochukua, kwanza aitoe themostati. Huku joto, milima mingi. Nimezitoa nyingi na hazichemshi.

Fundi_Nyakato:
Hapana, Spana. Hapa sikubaliani na wewe hata kidogo. Themostati inasubiri maji yafike nyuzi 80 na kitu ndiyo ifunguke. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza mafuta. Mteja analalamika gari inakunywa, oili nayo inageuka uji. Ukitaka isichemshe, angalia mfuniko wa rejeta. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia ni ule mgandamizo wa mfuniko. Raba yake ikikauka tu, unachemsha kabla ya kufika juu Bugarika.

Spana_Buzuruga:
Wateja wangu hawajawahi kurudi.

Mama_Grande:
Labda wamehamia kwa Fundi Nyakato. Jabali yuko wapi? Ameuliza akapotea.

Jabali_Igogo:
Samahanini, nilikuwa kazini. Bajeti ni milioni 12, kila kitu ndani. Naishi Igogo juu, kipande cha mwisho ni mawe matupu. Jumamosi naenda Sengerema kwa mama. Nataka gia za mkono.

Fundi_Nyakato:
Haya ndiyo ungeanza nayo! Mawe ya Igogo na gari iliyoshushwa ni sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupasuka. Sahau springi fupi. Za mkono: GX110 nyingi ni otomatiki, utatafuta sana. Altezza zipo, Forester zipo. Forester ipo juu tayari, ila tenga pesa ya taimingi belti siku unayonunua, na oili kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Kwa milioni 12, marekebisho yatasubiri.

Boksa_Bwiru:
Nilisema mimi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hausubiri kivuko tena. Hapo juu ya maji utaipenda tabo.

Mama_Grande:
Juu ya daraja unaendesha kwa alama zilizowekwa, kaka. Trafiki wana tochi za kupimia mwendo.

Mzee_504:
Nimewasoma wote, wanangu. Mimi barabara ya Musoma nimeipita kwa Peugeot 504, gia kwenye usukani, nyuma nikaongeza springi nzito ili libebe magunia bila kukaa chini. Lilikuwa linameza mashimo ambayo leo mnayapita kwa kunyata. Lilishinda Safari 1975, likarudi 1978. Ng'wanawane (mwanangu) Jabali, gari la mawe linataka springi ndefu na laini, urembo wa chini uwaachie wa Capri Point.

Kirumba_JZ:
Shikamoo mzee. Kama ni Safari, Datsun Violet (160J) ya Shekhar Mehta je? Mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mzee_504:
Marahaba. Mehta alikuwa dereva hasa. Datsun 160J jirani yangu Pasiansi alikuwa nayo, nyepesi, ila vumbi liliingia ndani usipime. Tulibandika raba za milango kwa mpira wa tyubu.

Jabali_Igogo:
Kesho Fundi Nyakato ananisindikiza kuangalia Forester, tutaitikisa hiyo shafti. Altezza bado sijaitoa moyoni.

Spana_Buzuruga:
Mzee, hilo 504 bado lipo? Kuna mteja wangu Magu anatafuta mlango wa mbele wa kushoto.

Mzee_504:
Lipo, na mlango upo. Mwambie aje na gari la kubebea, vioo sivitoi.